Tope na Maji Yanayotuama Uani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Dodoma

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wenye nyumba na wapangaji wa Dodoma na maeneo mengine ya Kanda ya Kati ambao, kati ya Desemba na Aprili, huvuka uwanja wao kwa kurukia matofali. Yanahusu uwanja wa nyumba ya kawaida. Nyumba iliyojengwa ndani ya mkondo wa maji au kwenye kingo za korongo ina tatizo jingine, ambalo chepe na kokoto haviwezi kulitatua.

Dodoma ni kukavu. Inakuwaje uani kwangu kunajaa tope kuliko kwa ndugu zangu wa Dar es Salaam?

Kiasi cha mvua ya mwaka mzima hakielezi mengi. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka wa kawaida, wakati Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000. Lakini mvua yetu huja katika msimu mmoja tu, na sehemu kubwa yake humwagika katika vipindi vichache vya saa moja au mbili. Kabla ya hapo ardhi imekaa miezi mingi juani bila tone. Matone makubwa ya mvua za kwanza hupiga udongo mtupu, huvunja chembe zake na kuziba vitundu vya juu, kisha utando mgumu hutokea ambao maji hayawezi kuupenya kwa haraka. Ndiyo maana mtu anayechimba uani baada ya mvua kubwa ya Desemba hushangaa kukuta tope la vidole viwili juu na vumbi chini yake.

Sababu nyingine tunazitengeneza wenyewe. Wakati wa ujenzi malori ya mchanga na kokoto hupita mara nyingi mahali palepale, mabaki ya saruji hufukiwa ardhini, na udongo wa juu uliokuwa na mizizi huchotwa ili kupisha msingi. Nyumba ikikamilika, kinachobaki uani ni udongo wa chini, uliokandamizwa, usio na kitu cha kuulegeza. Halafu huja ufagio. Kufagia uwanja kila alfajiri ni heshima ya nyumba, na sina nia ya kuikejeli, lakini ufagio wa miaka kumi huondoa udongo mwingi kuliko watu wanavyodhani: katikati ya uwanja hushuka taratibu, kingo hubaki juu, na mwishowe uani hugeuka kuwa sinia la kukingia maji.

Waliojenga kwenye mbuga wana sababu yao peke yao. Udongo mweusi wa mbuga, unaopatikana katika sehemu tambarare na za chini kama baadhi ya maeneo ya Nkuhungu, hupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na huvimba ukilowa. Nyufa zikishafunga, maji hubaki juu siku nyingi, na kila mguu unaopita huyakoroga kuwa tope linalonata.

Nitajuaje maji yanatoka wapi?

Hili ndilo swali ambalo watu wengi huliruka, na ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Dimbwi hukuonyesha mahali maji yalipoishia, halikuonyeshi yalikotoka. Kwa kawaida chanzo ni kimojawapo kati ya vinne: paa lako mwenyewe, uwanja wa jirani aliye juu yako, barabara au mtaro wa mtaa unaofurika, au maji ya matumizi ya nyumbani kama ya kufulia, ya kuoshea vyombo na yanayovuja bombani.

Njia ya kutambua ni rahisi japo inahitaji uvumilivu wa kulowa. Mvua ikianza, vaa mabuti, chukua mwavuli, ukazunguke nyumba yako yote. Angalia maji yanapoanguka kutoka kwenye bati, yanapoingia kupitia chini ya geti au matundu ya ukuta, yanapokutana na yanapokwama. Simu ikiwa na chaji piga picha kila upande, kwa maana mvua ikikatika mambo mengi husahaulika na fundi atakayekuja Julai ataona vumbi tu. Baada ya mvua chomeka vijiti kuzunguka ukingo wa dimbwi na uviache hapo. Zikipita saa ishirini na nne maji yakiwa hayajaondoka, tatizo ni la udongo au la mwinuko. Yakiondoka mapema lakini yakarudi kwa kasi kila mvua, tatizo ni wingi wa maji yanayoingia.

Ukiona unyevu uani mwezi Agosti au Septemba, usitafute sababu kwenye mvua. Hapo kuna bomba linalovuja, shimo la majitaka lililojaa, au sinki linalomwaga maji ardhini. Bomba unalipima kwa kufunga koki zote za ndani na kutazama mita: ikiendelea kuzunguka, pana mahali panapovuja kati ya mita na nyumba.

Ninawezaje kupima udongo wangu bila kwenda maabara?

Chimba shimo lenye kina cha sentimita 30 na upana wa kiasi hicho hicho. Lijaze maji, yaache yazame yote, kisha lijaze tena na upime kwa rula yanavyoshuka kila saa. Kujaza mara ya pili ni lazima, kwa sababu udongo mkavu hunywa maji ya kwanza kwa pupa na kukudanganya. Maji yakishuka chini ya sentimita mbili na nusu kwa saa, udongo wako haupitishi maji vizuri, na usiweke matumaini kwenye shimo la kunyonya, yaani shimo lililojazwa mawe ili maji ya mvua yazame ardhini.

Jaribio la pili ni la chupa. Tia udongo kwenye chupa ya kioo hadi theluthi moja, jaza maji, tikisa kwa nguvu na uiweke mahali pasipoguswa. Mchanga hutua karibu mara moja, udongo laini hutua baada ya saa kadhaa, na mfinyanzi huendelea kuyachafua maji hadi kesho yake au zaidi. Katika sehemu nyingi za Dodoma zenye udongo mwekundu utaona mchanga mwingi, na utajiuliza kwa nini maji yanatuama. Jibu huwa liko chini zaidi: chimba hadi nusu mita uone kama sururu inagonga tabaka gumu. Tabaka hilo likiwa jembamba, kulivunja kunaweza kumaliza nusu ya tatizo.

Fundi amenishauri nimwage kifusi au moramu uwanja mzima. Je, nimsikilize?

Msikilize baada ya kumuuliza swali moja: maji yaliyokuwa yakikaa hapa yatakwenda wapi? Kifusi hakiondoi maji, huyasogeza. Ukiinua uwanja wako bila kuyapa maji njia, yatahamia kwenye ukuta wa nyumba, kwa jirani, au yatarudi kukaa juu ya kifusi chenyewe pindi kitakaposhindiliwa na miguu na magari. Nimeona viwanja vilivyoinuliwa misimu mitatu mfululizo, kila mwaka lori jingine, hadi uwanja ukawa juu kuliko sakafu ya sebule na mvua ikaanza kuingia mlangoni.

Moramu ina nafasi yake, hasa kwenye njia ya gari na mahali pa kupitia kwenda chooni au jikoni, lakini imwagwe baada ya mteremko kupimwa na mtaro kuchimbwa. Imwagwe kwa matabaka ya sentimita kumi hadi kumi na tano, kila tabaka linyunyiziwe maji kidogo na kushindiliwa kabla ya kumwaga jingine. Usikubali kifusi chenye vipande vya nailoni, vioo, misumari na mabaki ya plasta. Ni rahisi siku ya kununua, na watoto ndio watakaokilipia.

Kipimo kimoja kisivunjwe: udongo au kifusi kinachogusa ukuta kibaki angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani. Ukipita hapo unalifunika tabaka la kuzuia unyevu lililowekwa juu ya msingi, na rangi ya ukuta wa ndani itaanza kubanduka kutoka chini.

Nikichanganya mchanga kwenye udongo wa mfinyanzi utapitisha maji?

Hapana, isipokuwa uwe mchanga mwingi mno kuliko udongo wenyewe. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi, ukikauka, hutoa kitu kigumu kinachokaribia tofali. Kinachosaidia ni vitu vinavyooza: samadi iliyokaa muda mrefu, mboji, maganda ya karanga, maganda ya alizeti kutoka kwenye mashine za kukamulia mafuta. Kanda ya Kati haina upungufu wa vitu hivyo na vingi huuzwa kwa bei ya kubebea tu. Vichanganye hadi kina cha sentimita 20 wakati udongo una unyevu kiasi, kamwe usifanye hivyo ukiwa tope, kwa sababu kulima mfinyanzi uliolowa hutengeneza mabonge yatakayokushinda kuvunja wakati wa kiangazi.

Wapo wanaouliza kuhusu jasi, kwa kuwa inachimbwa Itigi, si mbali na sisi. Jasi husaidia udongo wenye magadi mengi. Kwa udongo ulioshindiliwa au ulio chini ya usawa haina kazi.

Maji ya paa yanachangia kiasi gani?

Kuliko yote, mara nyingi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, ambalo ni la nyumba ya wastani ya vyumba vitatu, likipata mvua ya milimita 40 alasiri moja, hushusha lita 4,000, sawa na ndoo kubwa 200, na yote huanguka kwenye mstari mwembamba chini ya ukingo wa bati. Hakuna udongo wa Dodoma utakaokunywa maji hayo kwa saa moja mahali hapo. Ukiona mfereji mdogo uliojichimba wenyewe kuzunguka nyumba na matope yaliyorukia ukuta hadi usawa wa dirisha, umeshapata nusu ya jibu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kulipia si kokoto wala pevingi, ni gata. Zifungwe kwa mteremko mdogo kuelekea kwenye bomba la kushushia, na bomba hilo liishie ndani ya tenki. Katika mji ambako watu wengi hununua maji kwa boza au kwa madumu kuanzia Septemba, ni jambo la kusikitisha kutumia fedha kuyafukuza maji mwezi Januari na fedha nyingine kuyaita miezi minane baadaye. Paa hilo hilo la mita za mraba 100, kwa mwaka wa mvua ya milimita 550, huangusha lita 55,000. Ukitoa sehemu ya tano inayopotea kwa kurukia nje na kukaukia juu ya bati, zinabaki lita 44,000. Hakuna anayeweza kuzihifadhi zote, lakini tenki la lita 5,000 linaweza kukamata mvua nzima ya alasiri, mradi likute nafasi ndani yake. Watu watumie maji ya tenki mvua zikiwa bado zinanyesha. Tenki lililojaa tangu Krismasi halizuii tope la Februari.

Bomba la kufurikia la tenki nalo lipelekwe mbali. Kosa la kawaida ni kuliacha likimwaga maji kando ya msingi wa tenki lenyewe, ambapo baada ya misimu miwili tofali huanza kukaa upande na lita 5,000, yaani tani tano, kuinama nazo. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe ipite nje, kwa kuwa inaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Mteremko wa kutosha ni upi, na unapimwaje?

Udongo ulio karibu na nyumba ushuke sentimita 15 ndani ya mita tatu za kwanza kutoka ukutani. Sakafu ya zege au pevingi inatosha kushuka sentimita mbili kwa kila mita. Mtaro unahitaji angalau sentimita moja kwa kila mita ili maji yatembee. Ukizidisha sana kwenye udongo wetu mwekundu, maji yatachimba korongo.

Macho hayapimi mteremko, hata macho ya fundi mzoefu, hasa penye ukuta au mwembe unaopotosha mtazamo. Tumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani: ujaze maji, ondoa mapovu ya hewa, watu wawili washike ncha zake kwenye vigingi viwili, na maji yatakaposimama yatakuwa katika usawa mmoja ncha zote mbili. Tia alama, funga uzi, kisha pima kwa futi kutoka kwenye uzi hadi ardhini. Kazi hiyo haizidi asubuhi moja na haigharimu chochote ukiazima mpira wa fundi.

Nichimbe mtaro wa wazi au mtaro uliojazwa mawe?

Kwa sehemu kubwa ya viwanja vya hapa ningechagua mtaro wa wazi, mpana na usio na kina kirefu, wenye kingo zilizolala, uliooteshwa nyasi au uliopangwa mawe. Maji yetu huja kwa kasi na yamebeba mchanga. Mtaro wa wazi ukijaa mchanga unauona, unauzoa kwa chepe na maisha yanaendelea. Mtaro wa mawe ukijaa mchanga unabaki na sura nzuri juu huku ndani umekufa.

Mtaro wa mawe hufaa pale ambapo unataka kupita juu yake, au ambapo maji yanachuruzika chini kwa chini kutoka kwenye kiwanja kilicho juu. Unachimbwa kina cha sentimita 45 hadi 60 na upana wa sentimita 30. Kwanza hutandikwa kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo; humwagwa kokoto safi; huwekwa bomba la plastiki la inchi nne lenye matundu, matundu yakielekea chini; hufunikwa kwa kokoto tena, kisha kitambaa hukunjwa juu yake kabla ya kurudisha udongo kidogo au changarawe. Baadhi ya mafundi hutumia viroba badala ya kitambaa. Viroba huchakaa, na vile vilivyofumwa kwa kubana hushika tope na kuziba, kwa hiyo sivipendekezi isipokuwa mahali unapojua utafukua baada ya muda mfupi.

Mitaro yote miwili ina sharti moja lisilo na mjadala: iwe na mwisho ulio chini kuliko mwanzo. Anza kutafuta pa kutokea kabla hujagusa sururu. Kama uani kwako ndiko chini kabisa kuliko pande zote, mtaro hautakusaidia, na itabidi upunguze maji yanayoingia kwa gata na tenki, uinue njia za kupitia, na ukubali kuiachia kona moja iwe ya maji.

Vipi kuhusu shimo la kunyonya maji?

Shimo hili linaaminiwa kupita uwezo wake. Chukua shimo la duara lenye upana wa mita 1.2 na kina cha mita 1.5 lililojazwa mawe. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 1.7, lakini mawe huchukua zaidi ya nusu, na nafasi inayobaki kwa maji ni lita 600 hadi 700 hivi. Linganisha na zile lita 4,000 za paa. Kwenye udongo wa mchanga shimo litamaliza kunywa jioni hiyo hiyo na kuwa tayari kwa mvua ya kesho. Kwenye mbuga litajaa mvua ya kwanza na kubaki limejaa hadi Mei.

Ukipata jibu zuri katika jaribio la shimo, lichimbwe angalau mita tano kutoka kwenye msingi, mbali na shimo la choo, na upande ulio chini ya kisima kama unacho. Weka kabla yake kishimo kidogo cha kuchuja mchanga chenye mfuniko unaofunguka.

Nikifunika uwanja wote kwa zege au pevingi si nitakuwa nimemaliza?

Utakuwa umemaliza tope na kuongeza maji. Kila mita ya mraba unayoifunika inaanza kufanya kazi ya paa. Pevingi zilizopangwa juu ya mchanga hupitisha maji kidogo katika viungo vyake zikiwa mpya, lakini vumbi la Dodoma huviziba mapema. Funika panapohitajika: sehemu ya kufulia, njia, mahali pa gari, na ukanda wa upana wa mita moja kuzunguka nyumba, ambao nauona ndio wenye faida kuliko yote kwa kuwa hulinda msingi. Kwenye mbuga zege jembamba hupasuka, kwa sababu ardhi iliyo chini yake huvimba na kunywea kila mwaka. Huko pevingi ni afadhali, maana zikihama unaweza kuzing'oa na kuzipanga upya.

Ni mimea gani inayosaidia?

Ukoka ni wa kwanza. Unavumilia kukanyagwa, unavumilia kiangazi kwa kujificha ardhini, na mizizi yake hufungua njia za maji ambazo hakuna jembe linaloweza kuzitengeneza. Uoteshe mvua zikishatulia, Januari, ili usinunue maji ya kuukuza. Kwenye kingo za mitaro na miteremko otesha nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake hushuka chini sana na kushika udongo. Migomba hupenda shimo linalopokea maji ya bafuni, mradi utie samadi na maji yasisimame kwenye shina.

Mpapai usiupande mahali panapotuama maji. Mizizi yake huoza na mti hufa wakati bado umebeba matunda. Mzabibu, pamoja na sifa zote ulizoupatia mkoa huu, nao huchukia miguu yake kukaa majini. Watu hupanda mkaratusi kwa kusikia kwamba unanyonya maji. Ni kweli unanyonya, ila utaendelea kunyonya mwezi Oktoba wakati wewe mwenyewe huna, na mizizi yake haiheshimu msingi wala bomba.

Wakati wa mvua shimo la choo linajaa na kutoa harufu. Je, ni tatizo lile lile?

Lina uhusiano, lakini lisicheleweshwe pamoja na mengine. Aidha maji ya mvua yanaingia kupitia mfuniko na nyufa, au ardhi imeshiba na shimo halinyonyi tena. Inua mfuniko juu ya usawa wa uwanja, ziba nyufa, geuza maji ya mvua yasipite juu yake, na uite gari la kunyonya. Usielekeze maji ya paa kwenye shimo hilo, wala kwenye bomba la majitaka kama mtaa wako umeunganishwa: bomba hilo halikujengwa kubeba mvua, na likizidiwa majitaka hutokea kwa jirani aliye chini. Uwanja ukiwa umeshachanganyika na maji ya choo, watoto wasichezee hapo na kila anayepita avae viatu.

Je, dimbwi la uani linaleta malaria?

Linaweza. Mbu wa malaria hupendelea vidimbwi vya maji ya mvua yasiyo na uchafu mwingi, hata vya kwenye alama za kwato na matairi, na kutoka yai hadi mbu anayeruka huhitaji wiki moja hadi mbili hivi kulingana na joto. Dimbwi linalokauka ndani ya siku tatu ni kero tu. Linalokaa wiki mbili ni jambo la afya. Maji machafu ya karo huzaa mbu wa aina nyingine wanaosumbua usiku, na makopo, matairi na ndoo zilizosahaulika huzaa mbu wanaoeneza dengue, ambao huuma mchana. Minyoo ya safura nayo hupenya kwenye ngozi ya mguu usio na kiatu katika udongo mbichi uliochafuliwa na kinyesi.

Maji yanatoka kwa jirani, au barabarani. Nimwone nani?

Anza na jirani mwenyewe, na mwite aje mvua ikinyesha, au mwonyeshe zile picha. Wengi hawajui maji yao yanakokwenda kwa sababu yakishavuka ukuta hawayaoni tena. Mara nyingi suluhisho la bei nafuu ni la wote wawili: mtaro mmoja kwenye mpaka, gharama nusu kwa nusu, ukitokea barabarani. Usizibe matundu ya ukuta kwa hasira. Maji yakizuiwa hujikusanya nyuma ya ukuta, na ukuta wa tofali usio na nondo haukujengwa kuyahimili. Ukianguka, utaangukia upande wako.

Mkishindwa kuelewana, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji wa mtaa ukiwa na picha na vipimo badala ya malalamiko matupu. Maji yakitokana na barabara ya mtaa au mtaro wake, mhusika ni TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Suala la mpaka, njia ya maji iliyojengwa juu yake, au kiwanja kilichopimwa juu ya mkondo lipelekwe kwa maofisa wa mipango miji wa Halmashauri ya Jiji, nawe uwe na nakala ya hati au barua yako ya umiliki. Kabla ya kudai, hakikisha kwamba si wewe uliyejenga juu ya njia ya maji. Kabla ya Novemba mikondo mingi ya Dodoma huonekana kama njia za ng'ombe, na walionunua viwanja kiangazi wamejikuta wamezungushia ukuta mto wa msimu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au chanzo cha maji, na katazo hilo halifutwi na ukavu wa Agosti.

Mvua zimeshaanza na sina fedha. Nifanye nini wiki hii?

Zoa mchanga kwenye mtaro uliopo. Chimba mfereji mwembamba wa kutoa dimbwi kubwa, hata kwa jembe la mkono. Weka bati chakavu au bomba chini ya mahali paa linapomwaga zaidi ili maji yaanguke mita mbili au tatu kutoka ukutani. Tandaza maganda ya karanga, mabua ya mtama au kokoto kwenye njia moja tu ya kupitia na uwaombe watu wote wa nyumbani waifuate, kwa sababu kila mguu unaotafuta njia mpya huharibu sehemu iliyokuwa nzima. Mifugo ihamishwe kutoka uwanja wa nyuma ikiwezekana. Gari lisiingie kabisa. Kazi nyingine zote ziachwe hadi Juni, udongo ukiwa mkavu na mafundi hawajabanwa, na zikamilike kabla ya Novemba, wakati msimu unapokaribia kufunguka na bei ya kokoto inapopanda.

Mimi ni mpangaji. Inanihusu?

Inakuhusu kwa kiasi cha mkataba wako. Gata, mitaro, ukanda wa zege na shimo la majitaka ni vya mwenye nyumba. Kusafisha mtaro, kutomwaga maji ya kufulia ovyo na kutoziba matundu ni vyako. Ukikubaliana na mwenye nyumba utengeneze mwenyewe na gharama ikatwe kwenye kodi, andikeni kiasi na kazi yenyewe kwenye karatasi, msaini wote wawili, na uhifadhi risiti. Na kama bado unatafuta nyumba ya kupanga, usiamue mwezi Septemba bila kutazama ukuta wa nje kwa makini: mstari wa tope ulioachwa na mvua zilizopita mara nyingi bado upo chini ya rangi mpya, na majirani huwa wanakumbuka maji yalifika wapi.